Gari Lilipe, Miguu Ipite

Mimi ni mtu wa kusoma ubao wa bei mpaka mwisho. Kwenye lango la msitu wa umma wengi hutupa jicho, hutoa pesa, hupita. Mimi husimama. Gari dogo kiasi fulani, basi kiasi fulani, pikipiki kiasi fulani, na pengine chini yake mtu mzima na mtoto. Orodha fupi kama hiyo hukuambia mengi. Hukuambia waliopanga bei wanaamini msitu ule ni mali ya nani, nani wanamwona mwenyeji, na nani wanamwona mteja.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili asiwepo wa kunitafuta katikati ya maneno. Gari lilipe. Lilipe ada ya maana, wala anayeitoza asione haya. Mtu aliyefika kwa miguu yake apite bila kutozwa, kwa sababu miti ile ameshailipia kwa kodi, na kabla ya kodi babu zake walikuwa wakiingia humo. Na pesa iliyotolewa na gari irudi kwenye udongo uleule ambao gari limeukanyaga. Mambo hayo matatu yanategemeana. Ukiondoa moja, mawili yaliyobaki hayasimami vizuri, na naona misitu mingi imeshika moja tu kati ya hayo, lile rahisi la kukusanya.

Nianze na gari lenyewe, maana wapo watu waungwana wanaosema ada ya gari ni njia tu ya kuwakamua wenye magari. Hawajatazama chini.

Mti tunaudhania kwa kile kinachoonekana, na kwa mizizi tunafikiria mkuki mmoja mrefu ulioshuka wima. Kwa miti mingi sivyo ilivyo. Mizizi midogo inayonyonya maji na madini hukaa juujuu, sehemu kubwa ndani ya sentimita 30 hivi za kwanza za udongo, na hutambaa mbali kupita pale kivuli cha matawi kinapoishia. Kwa hiyo anayeegesha gari "pembeni tu, hapa kwenye nyasi, simgusi mtu" ameegesha juu ya kinywa cha mti. Uzito wa gari hushindilia udongo. Vile vitundu vidogo vinavyopitisha hewa na maji hubanwa vikafungika, mvua ikinyesha maji hayazami bali hutiririka juu na kuchukua udongo, na mizizi hukosa pumzi. Jambo baya zaidi ni kwamba madhara makubwa hutokea mapema. Gari likipita mara chache za mwanzo tu, udongo laini umeshashikamana, na yanayofuata huongeza kidogokidogo juu ya hasara iliyokwisha kuingia. Ndiyo maana hoja ya "leo tu" haina uzito wowote kwenye ukingo wa msitu. Udongo wa msitu ulioshindiliwa sana unaweza kukaa miongo kadhaa kabla ya kulainika tena.

Na mti haufi siku ile. Hiyo ndiyo sababu hakuna anayeshitakiwa. Mti hukaa miaka, kisha matawi ya kileleni huanza kukauka, majani yanapungua, wadudu wanaingia, upepo unaumalizia. Kufikia hapo aliyeegesha ameshasahau kwamba aliwahi kufika.

Ongeza vumbi la barabara ya changarawe linalofunika majani ya vichaka vya kando. Ongeza mafuta yanayodondoka kwenye maegesho na kusombwa na mvua hadi kijitoni. Ongeza mbegu za magugu zilizonasa kwenye tope la matairi, na bomba la moshi lenye joto kali juu ya nyasi kavu wakati wa kiangazi, ambalo limeshawasha mioto mahali pengi. Kisha uongeze barabara yenyewe. Mtu akitembea anahitaji njia ya upana wa mabega. Gari linahitaji upana wa magari mawili yakipishana, mitaro pande zote mbili, makalvati, kona zilizopanuliwa, na mahali pa kugeuzia. Kila mwaka wa mvua kubwa kazi hiyo hurudiwa. Miti iliyokatwa kupisha maegesho haimo katika hesabu ya mtu yeyote.

Miguu nayo si malaika, lazima nikubali. Huko New Zealand miti mikubwa iitwayo kauri imekuwa ikiuawa na kimelea cha udongoni ambacho husafiri na tope, na nyayo za watembeaji zimo katika lawama sawasawa na matairi. Njia kadhaa zilifungwa, na nyingine zikawekewa vituo vya kusugulia viatu. Miguu mingi mno huweza kuchosha njia nzuri. Lakini dawa ya miguu mingi ni njia iliyojengwa vizuri, daraja la mbao juu ya mizizi, na adabu. Si bei. Hakuna mtu anayetembea vizuri zaidi kwa sababu ametozwa.

Wazo la kulitoza gari langoni si geni. Mount Rainier huko Marekani, mlima wa theluji uliozungukwa na misitu mizito, ilikuwa hifadhi ya kwanza ya taifa nchini humo kukusanya ada ya kuingia, mwaka 1908, na ada hiyo ilikuwa ya magari. Wenye farasi na waendao kwa miguu hawakuwa shida. Shida ilikuwa mashine mpya zilizohitaji barabara mpya na kuwashtua farasi wa watu. Yellowstone iliruhusu magari mwaka 1915, nayo ikaanza na vibali vya kulipia. Ninachokipenda katika mwanzo huo ni uwazi wake. Umeleta mashine, mashine inahitaji barabara, basi changia barabara. Hakuna aliyejifanya kwamba anauza mandhari.

Baadaye mambo yalichanganyika, na mahali yalipochanganyika kuliko kote ni humohumo Marekani. Nalieleza kwa kirefu kwa sababu huko swali la lango la msitu lilifikishwa mahakamani na kujibiwa.

Mwaka 1996 bunge la nchi hiyo liliruhusu majaribio ya ada mpya kwenye ardhi za umma, yakiwemo maeneo ya misitu ya taifa ambayo kwa vizazi watu walikuwa wakiingia bure. Kivutio cha mpango ule kilikuwa kimoja. Kabla yake, pesa iliyokusanywa porini kwa kawaida ilikwenda kwenye hazina kuu na kupotelea humo. Sasa angalau asilimia 80 ingebaki pale ilipokusanywa. Kwa wasimamizi wa misitu waliokuwa na vyoo vilivyoziba na madaraja yaliyooza, hiyo ilikuwa mvua baada ya ukame. Vikaja vibali vya kuning'iniza kwenye kioo cha gari. Ukiegesha msituni bila kibali, unakuta karatasi ya faini kwenye kioo.

Watu walikasirika, na hasira yao haikuwa ya uchoyo. Walikuwa wakiegesha ukingoni mwa barabara ya umma, mahali pasipo choo, pasipo meza, pasipo hata pipa la taka, wakatembea porini siku nzima, wakarudi na kukuta wanadaiwa. Walidaiwa nini hasa? Sheria mpya ya mwaka 2004 ilijaribu kujibu, na ukiisoma unaona mkono wa watu waliolisikia lalamiko. Ilisema ada ya kawaida katika misitu ya taifa iruhusiwe tu mahali penye vitu sita kwa pamoja, yaani maegesho yaliyojengwa, choo cha kudumu, pipa la taka la kudumu, ubao wa maelezo, meza za kulia na ulinzi. Kisha ikaweka makatazo. Mtu asitozwe kwa kuegesha tu. Asitozwe kwa kula chakula chake kando ya njia. Asitozwe kwa kusimama kutazama bonde. Asitozwe kwa kupita, awe kwa gari, kwa farasi, kwa mtumbwi au kwa miguu, ikiwa hatumii huduma zilizojengwa.

Ungedhani hapo mambo yamekwisha. Hayakwisha. Wasimamizi walichora duara kubwa kuzunguka eneo zima lenye vyoo na meza huku na huko, wakaliita eneo lenye wageni wengi, na kusema kila anayeegesha ndani ya duara hilo alipe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Mount Lemmon, katika msitu wa Coronado huko Arizona, ambako barabara ya lami inapanda kutoka jangwani hadi kwenye misonobari. Ada ilikuwa dola 5 kwa siku. Wapenda milima wachache walishitaki, na mwezi Februari 2012 mahakama ya rufaa ikawapa haki. Majaji walisema maneno ya sheria yako wazi na hayahitaji kupindwa. Mtu akiegesha gari, akaenda kutembea, na asiguse meza wala choo, hapaswi kulipishwa kwa sababu tu choo kiko karibu.

Hukumu hiyo naifurahia, lakini siikubali yote, na hapa ndipo ninapoachana na watu ambao kwa mambo mengi tuko pamoja. Walioshinda kesi walisimamia uhuru wa kuingia. Mimi nausimamia vilevile. Ila uhuru waliopewa ulipanda na gari pia. Mahakama ilifuata sheria ilivyoandikwa, na sheria iliandikwa kana kwamba gari lililoegeshwa ukingoni halitumii chochote. Nimeeleza hapo juu linachotumia. Kama ningepewa kalamu, ningeandika kinyume chake kidogo: mtu asitozwe kamwe kwa kuwepo msituni, lakini gari lilipe popote lilipokanyaga, pawe na choo au pasiwe nacho. Choo ni hoja ndogo, udongo ndio hoja kubwa.

Kuna nchi zilizolifikiri hili kwa utulivu zaidi. Uswidi wana haki ya kila mtu ya kuingia maumbileni, ya kale kiasi kwamba ilikaa muda mrefu bila kuandikwa, hadi mwaka 1994 ilipotajwa kwenye katiba. Unaweza kutembea katika msitu wa mtu usiyemjua, ukachuma matunda na uyoga, ukalala usiku mmoja katika hema, mradi usiharibu na usimsumbue mwenye nyumba. Watu huishia hapo wanapoisifu. Nusu ya pili ndiyo iliyonivutia mimi. Sheria yao ya mwaka 1975 inakataza kuendesha gari nje ya barabara kwenye ardhi isiyo na theluji kwa ajili ya starehe. Uskoti nayo mwaka 2003 ilipitisha sheria inayompa kila mtu haki ya kupita karibu ardhi yote ya nchi, mashamba na misitu ya watu ikiwemo, kwa miguu, kwa baiskeli, kwa farasi, kwa mtumbwi. Gari limeachwa nje, isipokuwa chombo kilichotengenezwa au kurekebishwa kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu. Tazama uzuri wa pale. Haki imepewa mwili wa mtu. Na pale ambapo mwili unahitaji magurudumu ili ufike, magurudumu yamehesabiwa kuwa ni mwili.

Ikiwa msitu unaofika kutembelea hauna sheria nzuri namna hiyo, bado unaweza kutenganisha mambo mawili langoni. Muir Woods, karibu na San Francisco, wamefanya hivyo. Ni bonde dogo la miti mirefu ya redwood ambalo William Kent na mkewe Elizabeth walilinunua ili lisikatwe, wakalitoa kwa umma, likatangazwa kuwa hifadhi mwaka 1908. Miaka ikapita, magari yakazidi, yakawa yanapangwa kwenye ukingo wa barabara nyembamba juu ya kijito ambamo samoni huzaliana. Tangu Januari 2018 ni lazima uweke nafasi ya maegesho au ya basi la kupeleka na kurudisha wageni kabla hujafika, na maegesho yana bei yake mbali na kiingilio cha mtu. Anayekuja kwa miguu kupitia njia za mlimani au kwa baiskeli hahitaji kuweka nafasi. Kiingilio cha mtu wanacho, na hapo sikubaliani nao, lakini watoto wa miaka 15 kurudi nyuma hawatozwi. Jambo la muhimu ni kwamba gari limepata mstari wake katika hesabu, na mstari huo unaweza kupandishwa bila kumgusa mtu. Pale ambapo bei ni moja tu, imefungwa kama furushi, kila anayetaka kupunguza magari analazimika kuwapunguza watu.

Sasa pesa yenyewe.

Niliwahi kumuuliza mlinzi wa lango fulani, kijana mpole aliyekuwa akifagia majani mbele ya kibanda chake, "Kaka, hizi pesa huwa zinakwenda wapi?" Akanijibu, "Mimi nakata risiti tu, kaka. Zikitoka hapa sizioni tena. Hata ufagio huu nimenunua mwenyewe." Hakulalamika. Alikuwa ananipa habari. Nikaingia, nikaona maegesho yana mashimo, mtaro umeziba, na njia ya kuelekea mtoni imefunikwa na mti ulioanguka ambao ulikuwa umeshaota uyoga. Gari nililokuja nalo lilikuwa limelipa. Msitu haukuwa umepokea.

Nililirudia jambo hilo kichwani mwezi Agosti 2025, mzozo wa msitu wa Karura ulipoibuka jijini Nairobi. Karura ni msitu wa hekta zaidi ya 1,000 ndani ya jiji, uliotangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na ungekuwa leo mtaa wa majumba kama si watu waliosimama mbele ya wanyakuzi miaka ya 1990. Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alipigwa kichwani hadi kuvuja damu alipokwenda kupanda miti pale. Baadaye jumuiya ya wananchi na shirika la serikali la misitu waliusimamia kwa pamoja, ukazungushiwa uzio wa umeme, vijana wa vitongoji vya jirani wakaajiriwa kuulinda, na viingilio vya wageni vikawa uti wa mgongo wa kazi hiyo. Mwaka ule 2025 shirika hilo likaagiza malipo yote yapitie mtandao wa serikali. Watu wakapiga kelele. Asiyejua historia angeshangaa. Kilichowakasirisha wengi hakikuwa bei. Walikuwa wanauliza pesa itakaa akaunti ya nani, na kama mlinzi na uzio vitaendelea kulipwa.

Karura inanipa shida katika msimamo wangu, na sitaki kuipita kimyakimya. Pale mtu wa miguu hulipa pia. Nikiishika kanuni yangu kwa ukali ningesema wamekosea. Siwezi kusema hivyo kirahisi, kwa sababu kiingilio kile kilichangia kuurudisha msitu uliokuwa pango la wahalifu na meza ya wanyakuzi kuwa mahali ambapo mwanamke anaweza kutembea peke yake alfajiri. Ninachoweza kusema ni kwamba kiingilio cha mtu ni dawa ya dharura. Serikali inapouacha msitu bila bajeti, wananchi wanachangishana kuuokoa, na nawaheshimu kwa hilo. Lakini dharura ikishapita, mtu wa miguu awe wa kwanza kuondolewa mzigo, na gari liwe la mwisho. Mahali pengi huenda kinyume. Ada ya mtu hupanda kila baada ya miaka michache, ya maegesho hubaki palepale, kwa sababu wanaopanga bei huja kwa gari.

Kuhusu namna ya kukusanya sina mengi. Kuna kisanduku cha chuma kwenye nguzo, unatia pesa kwenye bahasha, unakata kipande na kukiweka kwenye kioo, na hakuna mtu. Kuna kamera zinazosoma namba za magari. Kuna malipo ya simu, ambayo ni mazuri mpaka ufike kwenye bonde lisilo na mtandao na ukute lango halipokei kitu kingine. Kila njia ina gharama yake, na katika msitu wenye wageni wachache, mshahara wa mtu wa kibandani unaweza kumeza karibu yote anayokusanya. Mahali kama hapo ni heri lango liwe wazi na mtu yule apewe panga na jembe akafungue mitaro. Ila nataka popote panapotozwa pawe na karatasi moja ukutani inayosema mwaka jana zilikusanywa kiasi gani na zimefanya nini. Kwa herufi kubwa. Sijaona ada iliyochukiwa na watu wakati daraja lililojengwa nayo liko mbele ya macho yao.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo naiheshimu kuliko nyingine zote. Inasema hivi: wewe unayesema miguu ipite bure unaishi karibu na msitu, au una muda. Mwenye kukaa mbali, asiye na basi la kufika huko, mwenye mama mzee na watoto watatu, hana namna ila gari, pengine la kuazima. Ukipandisha ada ya gari umemfungia yeye lango, na umewaachia msitu majirani wenye nyumba nzuri wanaoingia kwa mbwa na viatu vya kukimbilia. Ni kweli. Karibu kila mji ninaoujua, nyumba zinazopakana na msitu mzuri ni za wenye nacho. Bure ya miguu peke yake inaweza kuwa zawadi kwa matajiri.

Jibu langu la kwanza ni kwamba ada ihesabiwe kwa gari, si kwa vichwa vilivyomo. Familia ya watu saba iliyobanana ndani ya gari moja ilipe sawa na bwana mmoja aliyekuja peke yake na kiyoyozi chake. Hapo mwenye familia anagawa gharama kwa saba, na bwana yule anaibeba yote. Bei ya vichwa ndani ya gari huadhibu kubanana, ambako ndiko tunakotaka. Jibu la pili ni kwamba gari la mtu mwenye ulemavu lisitozwe, na lipewe nafasi iliyo karibu na njia iliyosawazishwa, kwa hoja ileile ya Waskoti. Jibu la tatu ni kibali cha mwaka, lakini kwa tahadhari. Vibali hivi huwafaa zaidi walio karibu, wanaokuja kila wiki. Marekani walikuwa na kibali cha maisha cha wazee kilichouzwa dola 10, na mwaka 2017 kikapanda hadi dola 80, na wazee walipanga foleni kununua kabla ya siku kufika. Inakuonyesha jinsi watu wanavyothamini uhakika wa kuingia. Ningependa kibali cha namna hiyo kigawiwe kupitia maktaba na shule, kiazimwe kama kitabu, ili asiyekuja kila wiki naye akifaidi mara moja.

Yote matatu hayatoshi bila la nne, na hili ndilo linaloniudhi hasa kwenye orodha za bei. Tazama mstari wa basi. Karibu kila ubao niliosoma, basi hutozwa mara nyingi zaidi ya gari dogo. Hoja ni kwamba ni kubwa, ni zito, lina watu wengi, kwa hiyo lilipe zaidi. Kwa uzito ni kweli kwamba basi moja hushindilia udongo kuliko gari moja. Lakini basi la watu 50 limezuia magari 12 au zaidi yasije, limekaa mahali pa magari matatu manne, na katika watu hao 50 huwa wamo wale hasa ambao hoja ya umbali inawatetea. Wamo watoto wa shule wanaouona msitu kwa mara ya kwanza, kikundi cha kanisa, wazee wa mtaa, vijana wasio na gari wala rafiki mwenye gari. Halafu sisi tunawawekea bei kubwa kuliko zote. Mwalimu anapiga hesabu ya basi, anagawa kwa wanafunzi, anaona haitoshi, anawapeleka mahali pengine au hawapeleki kokote.

Basi lipewe uwanja wake wa changarawe ngumu karibu na barabara kuu, lisiingie ndani kwenye udongo laini, na watu wamalizie kwa miguu. Basi la abiria la kila siku lipewe kituo langoni, na muda wake uandikwe pale pale. Ada ya magari madogo ndiyo igharimie uwanja huo na kituo hicho. Na wanaokaa kupanga bei za mwaka ujao waanzie chini ya orodha, kwenye basi la shule, waandike sifuri, ndipo wapande juu wakipanga zilizobaki.